Joto la Giaboksi Halijui Cheo

Mwanamke akaangaye maandazi kila alfajiri hahitaji cheti cha chuo ili ayajue mafuta yake. Siku ya kwanza mafuta huwa maangavu na mepesi, wala hayana harufu ya kumkera mtu. Siku ya tatu yamekwisha kugeuka rangi ya chai. Yakiendelea kutumika baada ya hapo huwa meusi na mazito, hutoa povu, na andazi lililotoka humo hukwama kooni. Hakuna mtu aliyetia uchafu ndani ya karai. Kilichoyageuza mafuta ni moto. Naye mpishi ajua jambo jingine lililo kubwa zaidi: ya kwamba karai likisahauliwa juu ya moto mkali kwa saa moja tu, mafuta huharibika kuliko yanavyoharibika kwa moto wa wastani kutwa nzima.

Nje ya nyumba hiyo hiyo, chini ya mti au kando ya ukuta wa kambi, huenda likawa limesimama gari la familia. Ndani ya gari hilo mna mafuta mengine yenye majaliwa yale yale. Ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yaani ile giaboksi inayojibadilishia gia yenyewe bila dereva kukanyaga klachi. Mafuta haya hayakai katika karai lililo wazi. Katika magari mengi hayana hata mshale wa kuonyesha joto lake mbele ya dereva. Ndiyo maana huungua kimya kimya, na mwenye gari hupata habari siku ile ambayo gari limekataa kwenda.

Wala jambo hili si la matajiri peke yao. Katika Uganda, magari mengi yanayonunuliwa na watumishi wa serikali, askari polisi na wanajeshi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakavuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakaletwa barani. Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama zifanyavyo Uganda, Kenya na Tanzania, na magari yake mengi ni ya otomatiki. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyotimiza umri wa miaka 15. Hata hivyo, gari la miaka 10 au 12 si gari jipya. Yawezekana kabisa likafika mikononi mwa mnunuzi likiwa na mafuta yale yale ya giaboksi yaliyotiwa kiwandani siku lilipozaliwa. Mnunuzi hukagua rangi, viti, redio na matairi. Mafuta ya giaboksi hayamjii akilini.

Yafaa kwanza kuelewa kazi ya mafuta hayo. Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na klachi kwa nguvu ya msuguano. Katika gari la otomatiki, baina ya injini na giaboksi huwekwa chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Ndani yake mna mapanga yanayozungushwa na injini, na mbele yake mapanga mengine yaliyoungwa na giaboksi. Mfano wake ni feni mbili zilizowekwa zikitazamana. Moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ile ya pili ingawa haina umeme. Mahali pa upepo, gari hutumia mafuta. Injini huyarusha mafuta, nayo mafuta huusukuma upande wa pili, na gari likaenda.

Lakini feni ya pili haizunguki sawasawa na ya kwanza. Hubaki nyuma kidogo. Tofauti hiyo haipotei bure. Hugeuka kuwa joto. Gari linapokwenda kasi katika barabara iliyonyooka, tofauti ni ndogo, na magari mengi yana klachi ndogo ya ndani inayoziunganisha pande mbili zizunguke pamoja. Gari linapopanda mlima polepole na mzigo mzito, au linapokwama matopeni huku injini ikinguruma, tofauti huwa kubwa mno. Nguvu ya petroli iliyotarajiwa kuwa mwendo huishia ndani ya mafuta ikiwa joto. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha vyuma, ndiyo yanayozibana klachi za ndani kwa nguvu ya pampu, na ndiyo yanayobeba joto kulitoa nje. Yakiharibika, kazi zote huharibika kwa pamoja.

Watu waliotengeneza giaboksi hizi waliujua ugumu huo tangu mwanzo. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake iliyoitwa Hydra-Matic mwaka 1939, ikaiweka katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Haukupita muda, vita vikuu vya pili vikaichukua jeshini. Kifaru chepesi cha Marekani kilichoitwa M5 kilikuwa na injini mbili za Cadillac, na kila injini ilikuwa na giaboksi yake ya Hydra-Matic. Kwa hiyo askari ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuijaribu giaboksi ya otomatiki katika taabu. Mafuta yake nayo yana historia. Kwa miaka mingi yalitiwa mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yalistahimili joto na kuzifanya klachi zishike kwa ulaini. Marekani ilipopiga marufuku biashara ya mazao ya nyangumi hao mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa kemia walilazimika kutafuta dawa nyingine za kutia ndani ya mafuta. Tangu hapo aina za mafuta zimekuwa nyingi, lakini adui amebaki yule yule.

Adui huyo ana hesabu yake. Mafuta ya giaboksi hufanya kazi vizuri yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Sentigredi hivi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria iliyotumika miaka mingi, nayo husema kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi 11 hivi, umri wa mafuta hupungua nusu. Mafuta ambayo yangedumu kilomita 160,000 katika nyuzi 80 hubakiwa na kilomita 80,000 katika nyuzi 91, na kilomita 40,000 katika nyuzi 102, na kilomita 20,000 katika nyuzi 113. Yakikaribia nyuzi 115 huanza kutengeneza utando wa kahawia unaoziba vijia vyembamba. Yakikaribia nyuzi 130, mipira ya kuzuia mafuta yasivuje huanza kuwa migumu kama ganda la mti. Yakikaribia nyuzi 145, klachi za ndani huteleza na kuungua. Hapo si mafuta tena yanayokufa, bali giaboksi yenyewe.

Ili kuyazuia mafuta yasifike huko, watengenezaji huyapitisha kwenye rejeta. Pampu huyasukuma kwa mabomba mawili membamba hadi kwenye kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la chini au la ubavuni mwa rejeta, yapoozwe na maji ya injini, kisha yarudi. Hapa pana siri ambayo madereva wengi hawaijui: rejeta ya gari la otomatiki ina wagonjwa wawili wa kuhudumia, injini na giaboksi. Ikiziba, wote wawili hudhoofika. Tofauti ni kwamba injini ina mshale wa kupigia kelele, na giaboksi haina.

Mwenendo wa familia moja ya askari polisi, iliyokuwa ikiishi Mbarara, waweza kuonyesha jinsi jambo hili linavyoingia nyumbani. Baba alikuwa sajini mwenye utumishi wa miaka 19. Mama alikuwa akikaanga maandazi na kuyauza karibu na lango la kambi. Walikopa katika chama cha akiba na mikopo, wakanunua gari la abiria saba lililotoka Japani, na mkopo ukawa unakatwa katika mshahara wa kila mwezi kwa miaka minne. Gari lilimpeleka mama sokoni kununua unga, liliwapeleka watoto zahanati, na mwisho wa juma lilibeba mizigo ya majirani kwa malipo madogo. Kwa miaka miwili halikuleta shida yoyote. Sajini alibadilisha oili ya injini kila mara kwa wakati wake. Mafuta ya giaboksi hakuyagusa, kwa kuwa aliyemuuzia alisema kwamba hayo ni ya maisha.

Ukaja mwezi wa Desemba na harusi ya mpwawe huko Kabale. Toka Mbarara hadi Kabale ni karibu kilomita 140, na mji wa Kabale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya gari la watu saba waliingia watu tisa, wawili kati yao wakiwa watoto wa kupakatwa. Juu ya paa yalifungwa mikungu ya matoke, maana mtu atokaye Ankole hawezi kufika harusini mikono mitupu. Sajini aliijua sheria ya idadi ya abiria kuliko wote waliomo garini, kwani ndiyo aliyokuwa akiisimamia barabarani.

Hadi Ntungamo safari ilikuwa njema. Milima ilipoanza, gari lilijikuta nyuma ya lori lililosheheni, lililokuwa likitambaa. Kona zilikuwa nyingi na hapakuwa na nafasi ya kupita. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D, nao mguu wa dereva ulikuwa ukikandamiza na kuachia, ukikandamiza na kuachia. Gari likawa linapanda gia na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtu asiyejua ashike njia ipi. Upepo haukuwapo wa kutosha kupita kwenye rejeta kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo. Baada ya nusu saa injini ilianza kunguruma kwa sauti ya juu ilhali gari haliongezi mwendo.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Baba watoto, nasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Simamisha kidogo."

"Hiyo ni harufu ya lori lililo mbele, mama watoto."

"La, si moshi wa lori. Ni kama karai lililosahauliwa motoni. Harufu hiyo naijua."

Sajini alimwonyesha mshale wa joto. Ulikuwa umetulia katikati. "Tazama mwenyewe. Gari li salama. Hapa ni mahali pabaya, na harusini tunangojewa." Nyuma palikuwa na wakwe na shemeji, na haikuwa rahisi kwa mtu wa cheo chake kuamriwa asimame na mkewe mbele yao. Mama alinyamaza. Gari liliendelea kwa zaidi ya kilomita 30, likafika.

Mshale haukusema uongo. Ulisema habari za maji ya injini, nayo maji ya injini yalikuwa bado yamestahimili. Habari za giaboksi hazikuwa kazi yake. Asubuhi ya pili, baada ya harusi, sajini alitia gia ya R ili arudi nyuma. Gari lilikaa kimya, kisha likashtuka kama lililopigwa. Alipotia D, injini ilinguruma na magurudumu yakajivuta kwa shida. Fundi wa hapo Kabale alipoyamwaga mafuta, yalitoka meusi kama kahawa, na chini ya sinia la giaboksi mlikuwa na unga mweusi wa klachi uliogandamana kwenye sumaku. Aliitazama na rejeta. Uso wake ulikuwa umezibwa na matope makavu, mbegu za nyasi na wadudu, zaidi ya theluthi moja ya eneo lake.

Gharama ya giaboksi nyingine iliyokwisha kutumika, pamoja na kazi ya fundi na lori la kulirudisha gari Mbarara, ilimeza akiba yote ya mama ya miaka sita ya maandazi. Mkopo wa gari ulikuwa umebakiza miezi 22, nao hausimami kwa kuwa gari limesimama. Muhula ulipofunguliwa, binti yao mkubwa alichelewa kwenda shule kwa majuma matatu, kwa sababu karo iliyokuwa imewekwa ilitumika kumalizia deni la fundi. Alikuwa katika mwaka wa mtihani. Hasara hiyo ya mwisho haikuandikwa katika risiti yoyote.

Aliyemsikiliza sajini akisimulia habari hizo kwa wenzake hakumsikia akilaumu mlima, wala lori, wala Wajapani. Alisema kwa ufupi kwamba alipewa ripoti na mtu aliyekuwa na ujuzi wa mafuta kumshinda, akaikataa kwa sababu ya mahali ripoti ilipotoka. Kisha akaweka amri mpya: ndani ya gari lake, yeyote anayesikia harufu au sauti ngeni, hata akiwa mtoto, ana haki ya kusema simama, na dereva atasimama kwanza na kuuliza baadaye. Askari huijua thamani ya mlinzi anayeamsha kambi kwa jambo dogo. Ni heri kuamka bure mara kumi kuliko kulala mara moja.

Yako mambo ambayo familia yoyote yenye gari la otomatiki yaweza kuyafanya bila kungoja fundi mkubwa. La kwanza ni rejeta. Ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka, na isikandamizwe kwa nguvu hata mapezi yake yakapinda. Mbele ya rejeta mara nyingi pana kipoozeo cha kiyoyozi, na kati ya viwili hivyo hujificha majani na wadudu wasioonekana kwa mbele. Ndani ya rejeta yatiwe maji ya dawa yanayofaa, si maji ya bomba peke yake, kwa kuwa maji matupu huleta kutu. Kutu ikitoboa kile kipoozeo kidogo cha ndani, maji na mafuta ya giaboksi huchanganyika. Mafuta yakionekana yamekuwa ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, gari lisiendeshwe hata hatua moja hadi fundi ameliona.

La pili ni kuyapima mafuta. Gari lenye kijiti cha kupimia mara nyingi hupimwa giaboksi ikiwa imepata moto wa kazi, likiwa limesimama mahali tambarare, injini ikinguruma polepole. Mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa gia hupitishwa katika kila gia kwa sekunde chache, kisha hurudishwa P. Kijiti huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hurudishwa, kisha husomwa kwenye alama ya moto. Yakipungua, giaboksi hunyonya hewa. Yakizidi, mafuta hupigwapigwa hata yakawa povu, na povu halipoozi wala halishiki. Rangi njema katika magari mengi ni nyekundu iliyo angavu. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni ombi la msaada. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti hicho. Hayo hupimwa na fundi mwenye chombo cha kusoma joto, kwa maana kipimo chake ni sahihi katika joto maalumu tu.

La tatu ni aina ya mafuta. Si kila mafuta mekundu ni ndugu. Toyota moja huweza kutaka aina iitwayo T-IV na nyingine aina iitwayo WS; Honda ina yake, Nissan ina yake. Giaboksi ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma mahali pa gia, hutaka mafuta yake peke yake, na kuitilia mengine ni kuiua. Jina la mafuta huandikwa katika kitabu cha gari au kwenye kijiti chenyewe. Kitabu kikiwa cha Kijapani, herufi na tarakimu za jina hilo husomeka hata hivyo. Ama habari ya mafuta ya maisha, swali la kuuliza ni maisha ya nani. Gari lipandalo milima na mizigo lafaa kubadilishiwa mafuta baada ya kila kilomita 40,000 hadi 60,000 hivi, au mapema zaidi ikiwa kitabu chake kimesema hivyo. Gari lililonunuliwa bila historia lipelekwe kwanza kwa fundi anayeaminika, aamue baada ya kuyaona mafuta yaliyomo.

La nne ni uendeshaji. Penye mlima mrefu na mzigo, mkono wa gia ushushwe hadi 2 au L, au kile kitufe cha kuzuia gia ya juu kibonyezwe, ili gari lisihangaike kupanda na kushuka gia. Mtu aliyesimama katika foleni mlimani asilishikilie gari kwa kukanyaga petroli; kazi hiyo ni ya breki. Gari likikwama matopeni, lisitupwe mbele na nyuma kwa dakika nyingi huku injini ikilia. Jembe na matawi ya miti hugharimu kidogo kuliko klachi. Nyuma ya lori linalotambaa, heri kusimama mahali salama na kuliacha litangulie.

Na ikiwa harufu imekwisha kusikika, ziko namna mbili za kusimama. Ikiwa mshale wa injini uko mahali pake, gari liegeshwe, gia itiwe P, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ikinguruma kwa dakika kadhaa. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ikinguruma bila mzigo, mafuta huendelea kupita kwenye kipoozeo na kupoa. Lakini ikiwa mshale umeingia nyekundu, injini izimwe, wala mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi umepoa, kwa maana maji yaliyo chini ya shinikizo hurukia uso na mikono. Na gari likishindwa kabisa, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayosukumwa na giaboksi yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu hulala, na giaboksi huzunguka kavu. Linyanyuliwe magurudumu hayo au lipakiwe juu ya lori.

Kwa gari linalobeba mizigo mara kwa mara, kuna msaada wa tano, nao ni kipoozeo cha ziada. Ni kama rejeta ndogo, hufungwa mbele ya rejeta kubwa penye upepo, na huunganishwa kwenye bomba ambalo mafuta hurudia giaboksini, ili yakitoka kwa maji ya injini yapoozwe mara ya pili na hewa. Jambo hili si anasa. Magari ya polisi ya Ford Crown Victoria yaliyotumika Marekani hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 2011 yalikuwa na vipoozeo vya ziada, kwa sababu gari la doria hushinda likinguruma mahali pamoja, kisha huitwa likimbie ghafula. Hozi zake ziwe za mafuta ya moto hasa, si mipira ya maji, na vibano vyake vikaguliwe baada ya juma la kwanza. Hozi ikichomoka, giaboksi huweza kumaliza mafuta yote katika dakika chache.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kurasa 40 latosha kuandika tarehe, kilomita, rangi ya mafuta na kazi iliyofanywa. Aliandike yeyote nyumbani mwenye mwandiko mzuri. Mara nyingi huwa ni mtoto wa shule, naye atajifunza hesabu na utunzaji kwa pamoja. Bei ya mafuta mapya na kazi ya kuyabadilisha ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya giaboksi, na giaboksi nayo ni ndogo ikilinganishwa na muhula wa mwaka wa mtihani.

Gari halipigi saluti wala halitambui nyota za begani. Joto linapanda kwa koplo kama linavyopanda kwa kanali, na hushuka kwa sababu zile zile: rejeta safi, mafuta mazuri, mzigo wa kiasi, na dereva asiyeona haya kusimama. Basi Jumamosi ijayo, kabla gari halijatumwa popote, boneti lifunguliwe. Kijiti kichomolewe, mafuta yapakwe juu ya karatasi nyeupe, na yatazamwe katika mwanga wa jua. Kisha aitwe anayekaanga maandazi, naye ayanuse.